Nani Anakaa Kiti cha Kushoto?

Tarehe 15 Januari 2009, ndege ya shirika la US Airways iliruka kutoka uwanja wa LaGuardia jijini New York, ikagonga kundi la mabata bukini, injini zote mbili zikapoteza nguvu, na dakika chache baadaye ilikuwa inaelea juu ya mto Hudson. Abiria na wahudumu walikuwa 155. Wote walitoka hai. Kama umeiona ile filamu ya 2016, Tom Hanks akiwa Kapteni Chesley Sullenberger, hii sehemu unaijua.

Kuna sehemu ambayo filamu haikuwa na haja nayo. Chama cha wafanyakazi kilichomwakilisha Sullenberger siku hiyo kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja tangu kitambuliwe. Kilikuwa na miezi tisa hivi. Kabla yake, marubani wa kampuni hiyo walikuwa wamekaa zaidi ya nusu karne ndani ya chama kikubwa kabisa cha marubani Marekani. Wakakitupa kwa kura. Na hawakukitupa kwa sababu ya mwajiri. Walikitupa kwa sababu ya marubani wenzao.

Nimeisoma hii hadithi kwa muda sasa, kuanzia hukumu za mahakama hadi habari za magazeti ya wakati ule, na kila nikiimaliza najikuta nafikiria swali moja. Demokrasia ndani ya chama cha wafanyakazi ni kuhesabu kura tu? Wakishakuwa wengi upande mmoja, mambo yamekwisha?

Lakini kwanza lazima tuelewe kwa nini rubani anaweza kugombana na rubani mwenzake mpaka wafikishane kortini. Jibu ni namba.

Katika mashirika makubwa ya ndege Marekani, siku unayoajiriwa unapewa nafasi kwenye orodha ya ukongwe. Hiyo namba ndiyo maisha yako. Ndiyo inayoamua kama utakaa kiti cha kushoto, cha kapteni, au cha kulia, cha rubani msaidizi. Ndiyo inayoamua utaendesha ndege gani, na ndege kubwa ndiyo yenye mshahara mnono. Inaamua kama utalala nyumbani Krismasi au hotelini Pittsburgh. Na biashara ikiharibika, inaamua nani anatumwa nyumbani kwanza. Hawa hawafutwi kabisa. Wanawekwa kwenye likizo ya lazima bila malipo. Jina linabaki kwenye orodha, mshahara unapotea, na unangoja simu. Wengine huingoja miaka.

Isitoshe, hiyo namba haihamishiki. Kapteni wa miaka 20 akiacha kazi na kwenda shirika lingine, anaanza mkiani, chini ya vijana aliowazidi umri na saa za kuruka. Kwa hivyo rubani hahami ovyo. Ameoa kampuni, kwa raha na kwa shida.

Sasa fikiria kampuni yako inaungana na nyingine. Orodha mbili lazima ziwe moja. Unazichanganya vipi?

Shangazi yangu alikuwa mfanyakazi wa benki moja iliyomezwa na nyingine. Siku ya kwanza baada ya muungano alijikuta akiripoti kwa binti aliyezaliwa mwaka ule ule yeye alioanza kazi. Hakupunguziwa mshahara hata shilingi. Lakini mpaka leo ukimuuliza atakwambia siku hiyo ndiyo aliyoanza kuhesabu miezi ya kustaafu. Nafasi kwenye foleni ni kitu cha heshima kabla haijawa kitu cha pesa. Kwa marubani ni vyote viwili.

US Airways lilikuwa shirika kongwe la upande wa mashariki mwa Marekani, lenye vituo kama Philadelphia, Charlotte na Pittsburgh. Lilikuwa limejengwa kwa kumeza mashirika mengine. Sullenberger mwenyewe aliajiriwa mwaka wa 1980 na PSA ya California, iliyomezwa na USAir mwaka wa 1988. Lakini kufikia 2005 shirika lilikuwa hoi. Lilikuwa limeomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mara mbili, mwaka wa 2002 na tena 2004. Marubani walikuwa wamekatwa mishahara na pensheni yao ikafutwa. Wiki chache baada ya kutua mtoni, Sullenberger aliliambia Bunge la Marekani kwamba mshahara wake ulikuwa umepungua kwa asilimia 40 na pensheni yake ilikuwa imebaki senti tu. Shujaa wa taifa, na huo ndio ulikuwa mshahara wake.

Upande wa pili kulikuwa na America West, shirika changa lenye makao yake Tempe, Arizona, karibu na Phoenix. Ndilo lililoiokoa US Airways. Muungano ulikamilika Septemba 2005. Wakachukua jina la mgonjwa, lakini mkurugenzi mkuu, Doug Parker, alitoka kwa mwokozi.

Tazama hesabu. Marubani wa Mashariki, kama walivyokuja kuitwa, walikuwa kama 5,100. Kati yao, takriban 1,700 walikuwa kwenye ile likizo bila malipo. Marubani wa Magharibi walikuwa kama 1,900, na wote walikuwa kazini. Kule Mashariki, rubani wa mwisho kabisa aliyekuwa bado anaruka alikuwa na zaidi ya miaka 16 ya utumishi. Kule Magharibi kulikuwa na vijana walioajiriwa miezi michache tu kabla ya muungano.

Pande zote mbili zilikuwa chini ya chama kimoja, ALPA, kilichoanzishwa mwaka wa 1931. ALPA kilikuwa na utaratibu wake wa mambo kama haya: pande mbili zizungumze, zikishindwa, aje mpatanishi, akishindwa, aje msuluhishi, na uamuzi wake uwe wa mwisho. Wote walikubali kuucheza mchezo kwa sheria hizo.

Mashariki walisema: tumia tarehe ya kuajiriwa. Aliyetangulia kazini atangulie kwenye orodha. Ukisikiliza haraka haraka, ni haki tupu. Lakini ukiipiga hesabu, karibu Magharibi yote ingeshuka chini. Kapteni wa Phoenix angejikuta nyuma ya mtu aliyekuwa nyumbani bila kazi siku ile kampuni yake ilipookolewa. Magharibi nao wakauliza: bila sisi, hiyo miaka yenu 16 ingekuwa na thamani gani? Shirika lenu lilikuwa linakaribia kuzikwa.

Msuluhishi aliyeletwa aliitwa George Nicolau, mzee mzoefu aliyewahi kuamua migogoro mikubwa kati ya wachezaji wa besiboli na wamiliki wa timu. Mei 2007 alitoa uamuzi. Marubani 517 wa Mashariki waliokuwa juu kabisa, wale wa ndege kubwa za masafa marefu, aliwaweka kileleni. Waliobaki kazini akawachanganya kwa uwiano, kila mtu kulingana na kiti alichokuwa nacho siku ya muungano. Na wale 1,700 hivi waliokuwa nyumbani akawaweka mwisho.

Matokeo yake ni kwamba mtu wa Mashariki mwenye miaka 16 au 17 alijikuta jirani ya kijana wa Magharibi aliyeingia juzi. Kuna jambo lingine lililowauma Mashariki zaidi ya hilo. Wao ndio waliokuwa na wazee wengi. Wazee wakistaafu, viti vyao vingefunguka, na watu wa Mashariki walikuwa wamevingojea viti hivyo miaka yote ya makato na kufilisika. Sasa viti hivyo vingejazwa kwa orodha ya pamoja. Yaani uchunge ng'ombe ukame wote, halafu mvua ikinyesha maziwa yagawanywe na jirani.

Mimi siwezi kuwacheka. Lakini pia siwezi kusahau kwamba walikuwa wamekubali kabla kwamba uamuzi utakuwa wa mwisho.

Mashariki waliukataa. Wakawa na silaha moja. Mkataba wa mpito ulisema orodha mpya haitaanza kutumika mpaka marubani wote wawe na mkataba mmoja wa kazi na kampuni. Basi, dawa ikawa kutosaini mkataba huo. Na kwa sababu ALPA makao makuu walisema utaratibu ni utaratibu, wakaupeleka uamuzi wa Nicolau kwa kampuni, na kampuni ikaupokea Desemba 2007, Mashariki wakaamua kubadilisha chama chenyewe.

Hapo ndipo kilipozaliwa USAPA. Kilikuwa chama cha kampuni moja, na kwenye katiba yake kiliandika lengo la orodha ya ukongwe kufuata tarehe ya kuajiriwa. Hakikuficha kilikuja kufanya nini.

Kwa mashirika ya ndege, sheria ya Marekani inayotumika ilitungwa kwa ajili ya reli mwaka wa 1926, ndege zikaongezwa mwaka wa 1936. Chini yake, kundi lote la marubani wa kampuni huwakilishwa na chama kimoja tu. Ukitaka kuking'oa kilichopo, wakati ule ulihitaji kadi zilizotiwa saini na zaidi ya nusu ya marubani ndipo bodi ya serikali iitishe uchaguzi. USAPA wakazipata. Tarehe 17 Aprili 2008 kura zikahesabiwa: USAPA 2,723, ALPA 2,254. Tofauti ya kura 469.

Ukiangalia wingi wa Mashariki, hilo pengo ni dogo. ALPA kilipata kura nyingi kuliko idadi yote ya marubani wa Magharibi. Hata ukidhani kila mtu wa Phoenix alikipigia, bado kuna wazee wa Mashariki mia kadhaa walioona kwamba kuvunja ahadi si njia, au waliogopa kukiacha chama kikubwa. Hao hawakuingia kwenye vichwa vya habari.

Lakini mshindi ni mshindi. Kuanzia siku iliyofuata, marubani wote wa Phoenix walikuwa wanawakilishwa na chama kilichoundwa ili wao wapoteze. Hawakuwa na ruhusa ya kujitenga na kuunda chao. Sisi huku tuliambiwa habari za udikteta wa idadi kwenye uchaguzi wa 2013, kwa hivyo hii ladha tunaijua: uchaguzi ulikuwa halali, hesabu ilikuwa sawa, na bado kuna watu wanalala wakijua kwamba hata waamke mapema vipi, idadi yao haitabadilika.

Wafanye nini? Magharibi walichanga pesa. Kundi lao la kuchangia kesi wakaliita jeshi la Leonidas, kwa jina la yule mfalme wa Sparta aliyepigana na watu 300 dhidi ya jeshi kubwa. Wakakishtaki chama chao wenyewe. Na silaha waliyoishika kortini ilikuwa imechongwa na mtu ambaye marubani wengi wa nyakati hizo wasingemkaribisha hata kwenye chumba chao cha mapumziko.

Aliitwa Bester William Steele. Alikuwa mtu mweusi, mchochezi wa moto kwenye injini za treni za mvuke huko Alabama, reli ya Louisville & Nashville. Chama kilichowawakilisha wachochezi kwa mujibu wa ile sheria ya 1926 kilikuwa cha weupe, na kwa katiba yake watu weusi hawakuruhusiwa kujiunga. Lakini kisheria kilikuwa kinawasemea wote. Mwaka wa 1940 chama hicho kikaanza kudai makubaliano ya kuwapunguza na hatimaye kuwaondoa weusi kwenye kazi hiyo. Mwaka wa 1941 Steele akaondolewa kwenye zamu nzuri za treni za abiria, nafasi yake wakapewa weupe waliokuwa chini yake kwa ukongwe, na yeye akasukumwa kwenye kazi ngumu zaidi yenye malipo duni.

Wakili wake alikuwa Charles Hamilton Houston, mmoja wa watu waliojenga njia ya kisheria ya kubomoa ubaguzi Marekani. Desemba 1944 Mahakama ya Juu ikakubaliana naye: chama kinachopewa na sheria mamlaka ya kuwasemea wote kina wajibu wa kuwasemea wote kwa haki, hata wasio wanachama, hata wachache wasiopendwa. Hapo ndipo lilipozaliwa fundisho la wajibu wa uwakilishi wa haki.

Karibu miaka 65 baadaye, marubani wa Phoenix waliingia kortini wakiwa wamesimama juu ya mabega ya Steele. Sisemi masaibu yao yanalingana. Hayalingani hata kidogo. Nasema tu mlango waliopitia ulifunguliwa na yeye.

Mei 2009, jopo la raia huko Arizona liliamua kwamba USAPA kilikuwa kimekiuka wajibu huo. Phoenix wakasherehekea. Juni 2010, mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Haikusema Magharibi wamekosea. Ilisema kesi imeletwa mapema mno: bado hakuna mkataba mpya, kwa hivyo bado hakuna aliyeumizwa. Rudini nyumbani mngoje muumizwe.

Hebu sasa tuangalie pesa, maana kura ile ilipaswa pia kuleta pesa. Kwa kuwa hakukuwa na mkataba mmoja, Mashariki waliendelea kuruka kwa mishahara ya enzi za kufilisika. Magharibi nao wakabaki na mkataba wao wa kale. Shirika moja, rangi moja kwenye mkia wa ndege, lakini kapteni wa Phoenix hakuruhusiwa kuruka na msaidizi wa Charlotte. Miaka ikapita. Kampuni iliendelea kuwalipa marubani wake vibaya kuliko washindani wake wakubwa, na haikuhitaji hata kupigana nao. Walikuwa wanapigana wenyewe. Mwaka wa 2011 kampuni iliwashtaki kwa kuchelewesha safari makusudi, na hakimu huko Charlotte akatoa amri ya kuzuia mgomo huo wa chini kwa chini. Chama kilichoshinda kura kilikuwa hakiwezi kugoma, hakiwezi kusaini, na hakiwezi kuzungumza kwa sauti moja.

Hili ndilo jibu ninalolipata kila nikirudi kwenye lile swali langu. Wengi wanaweza kushinda kiti cha kuzungumza na mwajiri. Lakini nguvu ya kiti hicho haitoki kwa kura 2,723. Inatoka kwa mwajiri kuamini kwamba ukisema tunaondoka, hata waliokupinga wataondoka nawe. USAPA hakikuwa na hilo tangu siku ya kwanza, na hakikuweza kulipata, kwa sababu kilizaliwa kulikataa.

Hapa nyumbani marubani wana KALPA. Novemba 2022 walipogoma Kenya Airways, shirika lilipata amri ya korti, maelfu ya abiria wakakwama, serikali ikakemea, na baada ya siku chache mahakama ikawarudisha kazini. Unaweza kuwaunga mkono au kuwalaani, na wengi waliokwama JKIA waliwalaani. Lakini ndege zilisimama kwa sababu marubani walisimama pamoja. Sheria yetu ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 pia inatumia hesabu: chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama, mwajiri lazima akitambue. Sheria inaishia hapo. Kuwatunza walio nje ya ile nusu ni kazi ya chama.

Na tumewahi kuona njia nyingine ya kumaliza ushindani. Mwaka wa 1965, miungano miwili hasimu ya vyama vya wafanyakazi, KFL na KAWC, ilipovutana mpaka damu ikamwagika Mombasa, serikali ya Jomo Kenyatta iliivunja yote na kuunda COTU. Amani ilipatikana. Kura haikuhitajika. Ila tangu hapo wafanyakazi wengi wamebaki wakijiuliza COTU ni ya nani.

Kule Marekani, mwisho ulikuja kutoka nje. Desemba 2013 US Airways iliungana na American Airlines, na safari hii marubani wa Mashariki na Magharibi wote wakawa wachache mbele ya wale wa American. Septemba 2014 USAPA kikapoteza utambuzi na nafasi yake ikachukuliwa na APA, chama cha marubani wa American. APA nacho kiliundwa mwaka wa 1963 na marubani walioasi ALPA. Waasi wa 2008 wakaishia mikononi mwa waasi wa 1963.

Juni 2015 mahakama ya rufaa, ile ile iliyosema mmekuja mapema, ilisema USAPA kilikiuka wajibu wa uwakilishi wa haki kilipoutupa uamuzi wa Nicolau. Wakati huo chama chenyewe kilikuwa hakiwakilishi mtu tena. Na Septemba 2016, jopo la wasuluhishi watatu lilitoa orodha mpya ya marubani wa American, baada ya kusikiliza kamati tatu tofauti: ya American, ya Mashariki na ya Magharibi. Miaka 11 baada ya muungano wa kwanza, bado Mashariki na Magharibi waliingia chumbani kwa milango tofauti.

Kijana aliyeajiriwa Phoenix mwaka wa 2005 alikuwa sasa mtu wa makamo. Yule wa Charlotte aliyekuwa na miaka 17 ya utumishi, kama bado alikuwa anaruka, alikuwa anakaribia 30. Wote wawili, hatimaye, walipata namba.